Neno la Siri Si Tangazo la Ukutani

Lipo jambo ambalo sitalinyamazia, hata nikiitwa mchokozi. Katika ofisi, maduka na nyumba za wageni, tangu Kilosa mjini hadi Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, siku hizi watu wanaendesha kompyuta zilizo mbali. Mhasibu amekaa Kilosa, kompyuta yenye hesabu iko Mikumi. Anafungua AnyDesk, au programu ya Windows ya kazi hiyo hiyo, anaingia kana kwamba ameketi mbele yake. Ni neema, hasa masika yanapoharibu njia. Lakini neno la siri liko wapi? Limebandikwa kwa karatasi kwenye kioo cha kompyuta, au limetumwa katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote, pamoja na walioacha kazi.

Wataalamu wetu hutukemea: usilihifadhi popote, likariri. Mimi nasema ushauri huo ndio uliozaa karatasi ile. Mwenye akaunti kumi hawezi kukariri maneno kumi magumu. Atachagua jina la mwanawe na mwaka wa kuzaliwa, kisha alitumie kila mahali. Asiyefundishwa kuhifadhi vizuri atahifadhi vibaya.

Basi tuhifadhi, ila ndani ya kasha. Programu kama KeePass na Bitwarden hufunga maneno yote kwa fumbo, na mtu hukariri moja tu, refu, la kufungulia. Windows nayo ina kasha lake, lililofungwa kwa akaunti ya mtumiaji. Lakini ukiiacha kompyuta wazi ukaenda kunywa chai, atakayekalia kiti chako ataingia hadi Mikumi bila kuulizwa. Kwa hiyo funga kioo unapoondoka, kila mtu awe na akaunti yake, na iwepo hatua ya pili ya uthibitisho, kwa mfano namba inayotolewa na simu.

Wapo watakaoniambia: sisi ni wadogo, nani atatutafuta Mikumi? Ndugu zangu, hatafutwi mtu. Programu za wezi hugonga kila kompyuta iliyo wazi kwenye intaneti, zikijaribu maneno mepesi usiku kucha, na haziulizi ukubwa wa duka. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji hayakuchagua nyumba ya tajiri wala ya maskini. Na wakubwa nao hawakupona. Mei 2021 kampuni ya Marekani ya Colonial Pipeline ilisimamisha bomba lake la mafuta, ikawalipa wahalifu kama dola milioni 4.4. Walipitia neno moja la siri, la akaunti ya zamani ya kuingilia kutoka mbali, isiyokuwa na hatua ya pili. Februari 2024 AnyDesk wenyewe walitangaza kuwa mitambo yao imeingiliwa, wakawashauri wateja wabadili maneno ya siri. Aliyekuwa na neno moja kwa milango yote alikuwa na kazi kubwa siku hiyo.

Wengine hujificha nyuma ya sheria. Kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani aingiaye kompyuta ya mwenziwe bila ruhusa. Lakini sheria humshika mwizi akishaiba. Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo inamgeukia mwenye nyumba: unayeandika jina na namba ya pasipoti ya mgeni aliyekuja kuona tembo wa Mikumi, unawajibika kuvilinda.

Mabwana na mabibi wenye biashara, mnamlipa mlinzi wa usiku, mnanunua kufuli la geti. Mpeni mhasibu wenu saa moja ya kufundishwa kasha hilo, futeni akaunti za walioondoka, na karatasi ile kwenye kioo ichanwe leo, kabla ya kufunga ofisi.