Hesabu ya Askofu Katika Chuo cha Qurani

Kijana mmoja wa chuoni hapa Tabora alimwuliza mwalimu wake habari za mashoka ya mawe aliyosomeshwa skuli. Alijibiwa kwa bakora: ati ni uzushi wa makafiri, kwani tangu Nabii Adam hata leo haijatimia miaka elfu saba. Kijana hakurudi tena chuoni.

Namwuliza mwalimu huyo: hesabu hiyo umeitoa sura gani? Qurani haikutaja idadi ya miaka tangu Adam. Aliyeipigia mbiu hesabu ya namna hiyo ni Askofu Ussher wa Ireland, katika kitabu chake cha mwaka 1650. Basi umempiga mtoto wa Kiislamu kwa kuitetea hesabu ya askofu!

Mashoka yenyewe yapo. Isimila, karibu na Iringa, yametapakaa katika korongo lililokauka. Wataalamu waliyachimbua mwaka 1957 na 1958, na umri wake wanaukadiria kuwa zaidi ya miaka 200,000. Ya Olduvai yamepindukia milioni moja. Wala si mawe yaliyovunjika ovyo. Jiwe limepigwa kwa jiwe jingine, likabanduliwa vipande upande huu na huu, mpaka likapata ncha mbele na kitako cha kushika kiganjani. Mvua haichongi hivyo. Fundi wake aliijua sura anayoitaka kabla hajapiga.

Wataalamu wasema maumbile ya mafundi hao hayakuwa sawasawa na yetu. Nasaba yao kwa baba yetu Adam haikuteremshiwa aya, na pengo hilo halizibwi kwa bakora. Na wale wa upande wa pili, wasemao jiwe limemwondoa Muumba, nao wamepotea: jiwe laonesha lilivyopigwa, halioneshi nani aliyeuumba mkono.

Sisi wa Tabora twajivunia njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, na tembe la Kwihara, kana kwamba kabla ya pembe na wapagazi nchi hii ilikuwa tupu. Surat Al-Ankabut yatuamrisha tutembee katika ardhi, tutazame Mola alivyoanza kuumba. Wapagazi angalau walitembea. Sisi tumekaa barazani tukikataza.

Mwalimu na amfuate kijana kwao, mbele ya wazee wake, amtake radhi na kumrejesha chuoni. Na swali lake aje nalo.