Namba ya kitambulisho si nywila, acheni kutulaumu

Najua nimepotea, na najua niliwaahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata. Itangoja kidogo. Kuna jambo limenikaba kooni, na nisipolisema nitapasuka.

Shangazi yangu anauza mitumba Nakuru. Jumamosi moja, kama saa nane mchana, simu yake ilikosa mtandao. Alikuwa nayo mkononi, hakuibiwa wala kuiangusha. Akadhani ni yale matatizo ya kawaida, akaendelea kuuza blauzi zake. Kufikia saa moja jioni, kila shilingi aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa imehamishwa, na juu yake kulikuwa na mkopo ambao hakuuomba. Mtu fulani alikuwa amejifanya ni yeye, akadai kwamba simu imepotea, na laini ikahamishiwa kwenye kadi mpya. Aliulizwa maswali ya kuthibitisha: jina kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa. Akayajibu yote sawasawa.

Hadi hapo hakuna jipya, kila mmoja wenu anamjua mtu aliyepatwa na haya. Kilichonichoma ni Jumatatu, tulipofika kwenye kaunta kulalamika. Binti aliyetuhudumia alikuwa na heshima sana, simlaumu. Aliangalia tarakilishi yake, akainua macho, akauliza: "Mama, ulimpa nani namba yako ya kitambulisho?"

Shangazi alifikiri kwa muda. Kisha akamjibu: "Kila aliyeniomba."

Sasa hebu niambieni, angejibu nini tena?

Hesabu mwenyewe ni mara ngapi umeitoa namba hiyo mwezi huu. Ukiingia jengo lolote pale mjini Nairobi, soja anakusukumia kitabu kikubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakoenda, saa, sahihi. Ukiwa unaandika, waliokutangulia wote wako hapo juu yako, wamepangwa vizuri kwa mistari kama darasani. Mtu mwenye simu ya kamera na nusu dakika anaondoka na watu thelathini. Kitabu kikijaa kinaenda wapi? Niliwahi kumuuliza soja mmoja, akacheka, akaniambia vinawekwa kule stoo ya mifagio. Halafu kuna wakala wa pesa na daftari lake, hoteli, kituo cha basi, hospitali, shule ya mtoto. Kuna zile orodha za walioitwa kwenye mahojiano ya kazi, ambazo taasisi hupachika kwenye tovuti zao, majina na namba kamili za vitambulisho, na miaka mitano baadaye bado ziko pale kwa yeyote anayejua kutafuta.

Mnakumbuka Juni 2021? Wakenya waliingia mtandaoni kuangalia kama ni wanachama wa chama chochote cha siasa, na wengi wakajikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kuvikaribia. Watu walishangaa namba zao zilipatikanaje. Mimi nilishangaa kwamba walishangaa. Kumwandikisha mtu kulihitaji nini zaidi ya mstari mmoja wa kitabu cha langoni?

Kwa hivyo tusidanganyane. Namba yako ya kitambulisho si siri. Haikuwahi kuwa siri na haiwezi kuwa siri, maana kazi yake ni kuonyeshwa. (Wazee bado wanakiita kipande, na kipande cha mkoloni, kilicholetwa na sheria ya 1915, mwanamume Mwafrika alilazimika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Hata wakati huo kilikuwa ni kitu cha kuonyesha, hakikuwa cha kuficha.)

Hapa niwape somo dogo la darasani, halafu nirudi kwenye hasira zangu. Kwenye usalama wa mifumo kuna maswali mawili tofauti. La kwanza: wewe ni nani? La pili: utanithibitishiaje kwamba ni wewe kweli? Jibu la swali la kwanza ni kama jina, unaweza kulitangaza sokoni. Jibu la pili ni kama ufunguo wa nyumba, linafaa kuwa kitu ulicho nacho au ukijuacho peke yako, na kinachoweza kubadilishwa kikiibiwa. Kitasa kikiharibiwa unanunua kingine. Namba ya kitambulisho ikiibiwa unafanya nini? Utakufa nayo. Mtu anayejenga mfumo unaochukua jibu la swali la kwanza na kulipokea kama jibu la swali la pili amejenga mlango unaofunguka kwa yeyote anayetaja jina la mwenye nyumba. Halafu mwizi akiingia, mwenye nyumba anaulizwa kwa nini alimwambia mtu jina lake!

Na si huduma za simu peke yake. Waajiri kadhaa hutuma hati ya mshahara kwa barua pepe, faili imefungwa kwa nywila, na barua yenyewe inakueleza kwa herufi nzito kwamba nywila ni namba yako ya kitambulisho. Huo ni ulinzi dhidi ya nani? Namba hizo nyingi zina tarakimu nane. Tarakimu nane ni uwezekano milioni 100 tu, na kwa tarakilishi hiyo si hesabu kubwa.

Nitawaambia kwa vipimo. Waandaaji programu wengine hujitetea kwamba hawahifadhi namba yenyewe, wanaipitisha kwanza kwenye fomyula ya hisabati inayoigeuza kuwa mfuatano mrefu wa herufi ambao hauwezi kurudishwa nyuma. SHA-256 ndiyo wanayoipenda. Ni kweli haiwezi kurudishwa nyuma. Lakini nani anahitaji kuirudisha nyuma? Niliandika programu fupi, haikufika mistari ishirini, inayochukua kila namba kutoka 00000000 hadi 99999999, inaipitisha kwenye fomyula ileile na kulinganisha matokeo. Niliiwasha kwenye laptopu yangu ya kawaida nikaenda kupika chai. Niliporudi ilikuwa imeshaipata namba niliyoificha. Chai ilikuwa bado haijachemka. Kwa hivyo ukimwambia mteja kwamba umeilinda namba yake kwa njia hiyo pekee, unamdanganya, hata kama hujui kwamba unamdanganya.

Kuna waliowahi kuungua kabla yetu na wakajifunza. Korea Kusini kila raia ana namba ya tarakimu 13, na kwa miaka mingi tovuti zao ziliidai kwa karibu kila kitu, hata kucheza michezo ya mtandaoni. Januari 2014 ikabainika kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni ya kukadiria wakopaji alikuwa ameiba taarifa za wenye kadi za benki wapatao milioni 20. Serikali yao haikuwaambia wananchi "kuweni waangalifu". Agosti mwaka huohuo sheria ikapiga marufuku kukusanya namba hiyo pasipo msingi wa kisheria, na mwaka 2017 raia ambaye namba yake imevuja na kumletea madhara akaruhusiwa kuomba nyingine. Yaani aliyebebeshwa mzigo ni yule anayeuliza.

Sisi je? Karatasi tunazo nzuri. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 31, inamlinda kila mtu dhidi ya kudaiwa bila sababu taarifa za familia yake au mambo yake ya binafsi. Soma tena: kudaiwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kinachokusanywa kiwe kile tu kinachohitajika kwa kazi yenyewe. Na Kamishna wa Data hajalala. Septemba 2023 ofisi yake ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Lakini tazama jinsi sheria hiyo ya 2019 ilivyoandikwa kuhusu faini: hadi shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni kwa mwaka, kiasi kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kilicho kidogo! Wazungu wa Ulaya waliandika hadi yuro milioni 20 au asilimia nne, kile kilicho kikubwa. Kampuni inayoingiza mabilioni, milioni tano ni bajeti ya chakula cha Krismasi. Nani ataajiri mhandisi wa usalama kwa kuogopa hilo?

Najua mtakaloniambia, maana nimeshaambiwa. Usalama. Baada ya Westgate Septemba 2013, lazima tujue nani anaingia. Sawa, mimi pia nataka kurudi nyumbani salama. Lakini kitabu kile hakimzuii mtu. Soja haangalii ulichoandika. Rafiki yangu mmoja kwa mwaka mzima amekuwa akiandika jina la golikipa wa zamani wa Gor Mahia na tarakimu nane za kubahatisha, na kila asubuhi anaambiwa "karibu bosi". Anayekuja kwa ubaya ataandika uongo. Wanaoandika ukweli ni akina shangazi. Mnataka usalama? Mpigieni mwenyeji ashuke kumchukua mgeni wake. Kagueni mizigo. Hiyo ni kazi, najua, na kitabu ni rahisi.

Wengine mtaniuliza, basi tufanye nini wakati tunasubiri? Haraka haraka: piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua iripoti. Kama uko Safaricom, *100*100# inazuia laini yako kubadilishwa na mtu mwingine kwa mbali. Barua pepe yako itoe kwenye misimbo ya SMS, tumia programu ya kutengeneza misimbo iliyo ndani ya simu yenyewe, kwa sababu laini ikihama SMS zote zinahama nayo. Na simu ikikosa mtandao ghafla wakati ya jirani inao, usiendelee kuuza blauzi. Azima simu, piga, funga laini. Haya ni ya kweli na yanasaidia. Ila sitaki mtu yeyote ayachukue kama kisingizio cha kumwambia shangazi yangu kwamba kosa ni lake.

Maana kosa jingine ni langu, na hili ndilo lililonifanya niandike leo. Miaka mitatu iliyopita nilitengeneza mfumo wa kuweka miadi kwa mteja mmoja. Fomu ilikuwa na kisanduku cha namba ya kitambulisho, na huwezi kuendelea bila kukijaza. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema, "Weka tu, huenda siku moja tukaihitaji." Nikaweka. Nilikuwa nataka kulipwa, na ilikuwa Ijumaa. Watu zaidi ya elfu nne wameijaza fomu ile, na mara mbili nimewahi kuona safu hiyo ikitumwa kwa barua pepe kama jedwali, bila nywila yoyote, ati mhasibu anataka kuhesabu wateja.

Tulipotoka pale kaunta na shangazi nilimpigia simu. Nikamuuliza kwa miaka hii mitatu namba hizo zimetumika mara ngapi. Akakaa kimya, akauliza wafanyakazi wake, akanirudia: hata mara moja. Nikamwomba ruhusa. Jana usiku nilifuta safu yote, pamoja na nakala za akiba, nikaendesha kila ripoti ya mfumo nione kipi kitaharibika.

Hakuna kilichoharibika. Wewe unayesoma hapa na unaandika programu, kisanduku chako kiko kwenye faili gani?