Usikamate Mama Pamoja na Makinda



Mwezi huu tufungue Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 6 na wa 7. Mungu anasema na mtu anayekuta kiota cha ndege njiani, kiko na mayai ao makinda, na mama yao amelala juu yao. Makinda unaweza kuchukua. Mama umwache aende. Kisha Mungu anaongeza ahadi: utapata heri, na siku zako zitakuwa nyingi. Ahadi hii tunaijua katika amri ya tano, ile ya kuheshimu baba na mama. Hapa inatolewa kwa sababu ya ndege moja tu!

Angalieni vizuri. Mungu hakukataza watu kula. Alikataza kumaliza.

Sasa twende porini kwetu Katanga. Pori letu linaitwa miombo. Miti yake mikubwa, kama mutondo na muputu, ni ya jamaa moja na maharagi. Wengi wetu tukiitazama tunaona makala tu. Lakini bowa mwingi tunaokula wakati wa mvua unaishi pamoja na mizizi ya miti hii. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, zinashikamana na mizizi. Zinaupatia mti maji na chumvi ya udongo, na mti unazipatia sukari inayotoka katika majani. Ndiyo sababu bowa huo haupandwi shambani kama mahindi. Mti ukitoka, nao unatoka. Na juu, katika majani ya mutondo, vinkubala wanakula na kunona. Basi mti ule ni mama wa vyungu vingi.

Siku moja nilifundisha maneno haya, na mama moja anayeuza makala akasimama. Akaniambia: “Pasta, muti haiombake bukari. Batoto yangu njo banaomba.”

Nilinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Umeme unakatika, gazi ni bei kali. Hata kwangu mimi mbabula inawaka kila siku. Siandiki kwa kumuhukumu.

Nilimuuliza tu makala yake inatoka wapi. Akasema zamani bwana yake alikuwa anaenda na kinga asubuhi na kurudi magaribi. Siku hizi analala njiani usiku mbili. Halafu akajijibu mwenyewe: “Njo kusema pori inatukimbia.”

Nikamwambia: “Hapana, mama. Haikimbie. Tulikamata mama pamoja na makinda.”

Tutamwachaje mama basi? Sikilizeni, vijana mnaoshika shoka. Mti wa miombo ukikatwa, mara nyingi haufi. Shina lililobaki linachipuka. Usilingoe, usichimbe mizizi. Linda machipukizi, na kisha miaka 20 ao 30 pori linaweza kusimama tena. Acha pia miti mikubwa fulani isimame, itoe mbegu. Moto wa mwezi wa 9 na wa 10, wakati majani yamekauka kabisa, ndio unaoua machipukizi. Kama ni lazima kuchoma, choma mapema, mwezi wa 5 ao wa 6, na mkilinda moto.

Kwa furu pia kuko hasara. Kilo 100 za miti zinatoa mara nyingi kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Kausha miti kwanza, funika furu vizuri na udongo, usiiache peke yake. Bila hivi utavuna majivu.

Na vinkubala? Kuko watu wanaokata mti mzima ili wawaokote upesi. Ndugu, ule ndio mama! Na usimalize wote. Wanaoshuka wanaingia katika udongo, wanageuka vipepeo vya usiku, na hivyo vinataga mayai ya mwaka kesho.

Mama zetu, maharagi yakilala katika maji usiku na chungu kikifunikwa, makala inaenda mbali.

Najua mtasema: “Pasta, kampani inangoa kilima kizima na mashini, na wewe unasemea watu wa kinga?” Ni swali la haki. Katika Torati 20:19, hata jeshi linalozunguka mji katika vita linakatazwa kuharibu miti ya matunda. Mwenye mashini kubwa atatoa hesabu kubwa mbele za Mungu, na sisi tuna haki ya kumuuliza hata leo. Lakini tusikae bure tukingojea hesabu yake. Tangu mwaka wa 2014 kuko dekre ya serikali inayoruhusu kijimbo cha watu kuomba pori lao wenyewe, mpaka hektari 50.000. Wazee wa kanisa na wakubwa wa vijiji wanaweza kukaa pamoja na kuulizia njia hiyo.

Magaribi ya leo, kisha kula, mzungumze nyumbani: Makala yetu inatoka wapi? Na wakati watoto wetu watakuwa na watoto, itatoka wapi?

Ndege alirudi kwenye kiota kwa sababu mtu moja alimtii Mungu, bila mtu mwingine kumuona. Bwana atupatie mioyo ya namna ile. Amina.