Vyeti Viwili kwa Mpigo: Tunamsomesha Mtoto au Tunapamba Ukuta?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wazazi, nanyi vijana wetu mnaosoma, leo tunataka kulizungumza jambo ambalo watu hulinong'ona nje ya msikiti baada ya sala, lakini hakuna anayelisema mbele ya wenzake. Nalo ni hili la kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya uhasibu kusukumwa asome shahada ya uzamili, yaani masta, na papo hapo asome cheti cha utaalamu wa uhasibu. Vyote viwili, mwaka mmoja, mfuko mmoja. Baba anajisifu, mama anaomba dua, na kijana anaanza kukonda.

Sisi tunasema wazi kwamba kwa familia nyingi za huku kwetu Butihinda hilo ni kosa. Asije mtu akasema tunapinga elimu. Tunapinga kuanza njia mbili ambazo mtoto hatafika mwisho wa hata moja.

Kwanza tuelewane, maana wazazi wengi hawakuelezwa tofauti ya vitu hivi. Masta hutolewa na chuo kikuu. Katika mfumo wa BMD tunaoufuata Burundi ni miaka 2 baada ya miaka 3 ya shahada ya kwanza, na mwisho wake mwanafunzi huandika utafiti. Cheti cha utaalamu hutolewa na chombo cha wahasibu wenyewe. Jirani zetu wa Tanzania wana Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mitihani yake hufanyika Mei na Novemba. Kenya wana KASNEB tangu mwaka 1969. Kuna pia ACCA ya Uingereza, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa mitihani yake 13 na miezi 36 ya uzoefu wa kazi. Anayemaliza njia hii na kusajiliwa ndiye anayeweza kupewa idhini ya kukagua hesabu za watu na kutia saini. Mwenye masta peke yake, hata awe hodari vipi, hana saini hiyo.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Butihinda, iliyokuwa mkoa wa Muyinga na sasa ipo mkoa wa Buhumuza baada ya mikoa kupangwa upya mwaka 2025, ni komini ya mpakani. Kobero iko kwetu, na ng'ambo yake ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapa yakielekea Muyinga, kisha Gitega na Bujumbura. Kila lori lina ankara, ushuru, kodi na deni la mtu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na soko la pamoja lilianza Julai 2010, nalo limeahidi nchi wanachama zitambuliane vyeti. Basi mahali kama hapa panahitaji mtu wa kusimamia vitabu vya hesabu, avikague na aaminiwe pande zote mbili za mpaka. Wanaojiita "mwenye masta" tunao. Wa kutia saini ni wachache mno.

Chukua mfano wa kijana wetu mmoja. Amesoma kwa Kifaransa tangu shule hadi chuo. Sasa anajiandikisha masta Bujumbura, kwa Kifaransa, na wakati huohuo anataka mitihani ya Tanzania, ambayo ni kwa Kiingereza. Mwezi wa Mei profesa anataka sura ya pili ya utafiti, na Mei hiyohiyo kuna mtihani ng'ambo ya mpaka. Anahitaji nauli, ada ya mtihani, vitabu, chumba cha kulala. Baba ameshauza ng'ombe, na mwaka wa pili anauza kipande cha shamba la kahawa. Mdogo wake, tena mara nyingi ni binti, anaambiwa asubiri kwanza "mpaka kaka amalize". Kaka akianguka mtihani wa Mei, ataurudia Novemba. Utafiti nao utalala. Miaka minne ikipita, nyumba ina madeni, binti amekosa shule, na kijana ana karatasi za kujiandikisha huku na huku bila cheti hata kimoja. Ni nani aliyefaidika hapo?

Watatujibu: "Masomo ni yaleyale! Hesabu za fedha, ukaguzi na kodi vimo kote kuwili, basi kwa nini asimalize kwa mpigo?" Hoja hii ina ukweli ndani yake na hatutaikwepa. Masomo hufanana, lakini kazi inayotakiwa haifanani. Masta hutaka ukae na swali moja miezi mingi, usome vitabu, uandike kurasa nyingi. Mtihani wa utaalamu hutaka ujibu maswali mengi kwa saa chache, mkono usitetemeke. Anayejitayarisha kwa vyote wiki moja huzigawa nguvu zake, na kila mtihani hupata nusu.

Hata hivyo zipo njia ambapo vyeti hivi viwili vimeunganishwa tangu mwanzo, na huko hatuna ugomvi. Wafaransa wana DCG, ambayo ni ngazi ya shahada ya kwanza, halafu DSCG ambayo yenyewe inahesabiwa kuwa masta, kisha miaka 3 ya mafunzo ya kazi kabla ya kuwa mhasibu mtaalamu kamili. Huko mtoto hasomi mara mbili, kwa sababu hatua moja inahesabiwa kote kuwili. Na mwaka 2016 ACCA na Chuo Kikuu cha London walianzisha masta ya uhasibu iliyojengwa juu ya mitihani ya ACCA aliyokwisha kufaulu mwanafunzi. Tazameni mpangilio wenyewe: hawakumwambia mtu apande milima miwili kwa siku moja. Walimwambia mitihani uliyofaulu tutakuhesabia, ongeza kidogo. Hiyo ni hekima. Ya kwetu ni haraka, na haraka haraka haina baraka.

Watasema tena: "Lakini serikalini na vyuoni wanauliza masta." Kweli, anayetaka kufundisha chuo kikuu atangulize masta, hatumzuii. Tunamuuliza yule mzazi ambaye mtoto wake anataka kazi ya hesabu Kobero, Gitega au Dar es Salaam: kwa nini unamtanguliza kwenye cheti kinachosifika harusini badala ya kile kinachompa kazi? Jibu tunalijua. Jirani ana mtoto mwenye masta. Ndugu zetu, tusidanganyane, hiyo ni ria, na Allah (S.W.) anayajua yaliyomo vifuani.

Na hapa tunafika penye uchungu zaidi. Wazazi wetu huwaonya vijana kuhusu riba, na wana haki, kwani katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim mwandishi wa riba amehesabiwa pamoja na mlaji wake. Kijana anaambiwa achunge asije akaajiriwa mahali pa riba. Vizuri! Lakini baba huyohuyo, zikimshinda ada mbili, huenda kukopa kwa riba ili alipe. Hivi tunamkataza mtoto kuiandika riba huku sisi tunaileta nyumbani kwa jina la elimu yake? Ada moja inayolipika kwa halali ni bora kuliko ada mbili zilizochanganyika na haramu.

Tusisahau pia kwamba kazi hii ni ibada kwa anayeifanya kwa uadilifu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na imemtaka mwandishi aandike kwa haki. Benki za Kiislamu zimefunguliwa kwa jirani zetu, Kenya tangu mwaka 2008 na Amana Bank ya Tanzania mwaka 2011. AAOIFI iliyopo Bahrain hutoa hata cheti cha mhasibu wa mambo ya fedha za Kiislamu. Milango ipo kwa mwenye ujuzi kamili.

Basi kabla ya kulipa franga hata moja, wazazi tukae na kijana tumuulize mambo matatu:

1. Je, mtihani utakaoufaulu kwenye njia moja utahesabiwa kwenye ile nyingine? Kama hapana, chagua moja.
2. Je, ni cheti gani kitakachokupa kazi unayoitaka? Hicho ndicho kitangulie.
3. Je, ada hii italipika bila riba, na bila kumtoa shule ndugu yako?

Akimaliza utaalamu, akapata kazi, masta ataisoma kwa mshahara wake mwenyewe, usiku au likizo, na mdogo wake naye atakuwa darasani.

Nanyi wazee wa kamati za misikiti, hamjaachwa nje. Mnataka vijana wataalamu, lakini michango ya msikiti imeandikwa katika daftari moja lililo mfukoni mwa mwekahazina. Mpeni kijana anayesoma uhasibu vitabu vya zaka na waqfu avipange, avisome mbele ya watu kila mwezi. Naye atajifunza, na waumini watapata kujua fedha zao zimekwenda wapi.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi rizki ya halali, na atuepushe na kusoma kwa ajili ya macho ya watu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.