Balei na kelele zenu

Wadau, mnanichosha! Kila nikidandia daladala toka Mlimani kwenda Msasani kutazama balei, eti naiga uzungu. Mpira je, mliurithi kwa babu zenu? Sawa, Nutcracker ilianzia Urusi mwaka 1892. Lakini Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, Nairobi, balei hiyo hiyo ilimfikisha English National Ballet School, London. Kaeni viti vya mbele msikie vishindo vya viatu na wachezaji wanavyohema. Kwenye DVD muziki unafunika vyote. Wa sindimba anapinda magoti, huyu ananyooka, jasho lile lile. Mimi kinachoniuma ni kiingilio, kinamega boom vibaya (mlo wa siku tatu!). Hicho ndicho cha kupigia kelele. Jumamosi naenda tena, nani ananikopesha nauli?