Hekalu la Udongo na Samadi

Ukimwambia msomi mwenzako kwamba Hanang kuna makaburi matakatifu yanayostahili heshima sawa na misikiti ya Kilwa, swali lake la kwanza huwa lile lile: yamejengwa kwa mawe? Ukijibu hapana, mazungumzo yamekwisha. Tumelelewa hivyo. Darasani, historia ni matumbawe ya Kilwa Kisiwani, nguzo za Kaole na kuta za Engaruka. Mwiraqw na Mdatoga wao wanapata mstari mmoja kwenye mada ya Wakushi na Waniloti, halafu mwalimu anafuta ubao.

Kipimo hiki cha mawe ndicho ninachokipinga, kwa sababu kimeshatutia hasara, na hasara yenyewe ina tarehe na ekari.

Wabarabaig ni Wadatoga wa Hanang. Jirani wengi bado wanawaita Wamang'ati, jina lililotokana na neno la Kimaasai la adui, nasi tunalitamka bila hata kujisikia vibaya. Akifa kwao mzee mwenye heshima, hawamfukii na kuondoka. Wanamjengea bung'eed. Kaburi linainuliwa ngazi kwa ngazi, kwa mabonge ya udongo, samadi na fito, mpaka linakuwa kichuguu kirefu kupita kimo cha mtu. Kazi hiyo haimalizwi kwa wiki moja. Matanga yake huchukua miezi mingi, mara nyingi kama tisa, na siku za kilele koo hukusanyika kutoka mbali kwa nyimbo na pombe ya asali. Baada ya hapo mvua inaachiwa ifanye kazi yake. Kichuguu kinashuka, majani yanaota, na baada ya miaka mpita njia haoni kitu. Ila ukoo unajua. Watoto wanaonyeshwa, wajukuu wanaonyeshwa, na wenye shida wanarudi pale kumwomba marehemu.

Hapo niambie tofauti na hekalu ni ipi. Mimi naiona moja tu: hekalu la jiwe hujilinda lenyewe hata waumini wakiondoka. Bung'eed hulindwa na kumbukumbu ya watu walio hai, na ukiwafukuza watu hao umelibomoa.

Ndivyo ilivyofanyika. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969, na kuanzia 1970, kwa msaada wa Kanada, likafungua mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu. Yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret na Gidagamowd. Jumla yake ni kama ekari 100,000, na zilikuwa ekari zile zile zenye malisho bora ambayo wafugaji waliyategemea kwa zamu ya misimu. Serikali iliona nyasi, ikaandika kwamba ardhi ni tupu. Trekta zikaingia. Makaburi ya wazee yakapita chini ya plau pamoja na nyasi.

Najua jibu litakalokuja: taifa lilihitaji mkate. Sawa, lilihitaji. Mijini watu walikuwa wameshauzoea mkate, na fedha za kigeni za kununulia ngano nje zilikuwa hazitoshi. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini ngano ililimwa. Haielezi kwa nini dereva wa trekta hakuambiwa akate kona. Kichuguu kimoja na nafasi ya kukizunguka havifiki hata robo ekari. Kati ya ekari 100,000! Aliyeshindwa kuacha robo ekari hakuwa na uhaba wa ardhi. Hakuona kilichokuwapo, basi, na hakuona kwa sababu hakukuwa na jiwe.

Wenyewe hawakunyamaza. Watu wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu Arusha, na wakashinda kwa sehemu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Soma tena. Watu ambao babu zao wamelala chini ya ngano ile walitakiwa kuleta ushahidi kwamba ni wa pale. Laiti mababu hao wangezikwa chini ya minara! Mwaka 1989 wazee wa Kibarabaig wakawaandikia wananchi wa Kanada barua ya wazi, kueleza kilichofanywa kwa msaada wao. Ilibidi walalamike ng'ambo.

Panda sasa upande wa Mbulu, kwenye vilima vya Kainam. Huku Wairaqw waliitafutia nchi yao ulinzi dhidi ya wavamizi wa ng'ombe, hasa Wamaasai. Ukuta hawakujenga. Walichimba. Nyumba iliingizwa ubavuni mwa mlima na kuezekwa udongo, paa likawa sawa na mteremko, anayetazama kutoka mbali asione kitu. Huko India, ngome za vilimani za Rajasthan ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2013, na zinastahili. Zilijengwa zionekane, zitishe. Ngome ya Mwiraqw ilifanikiwa kwa kutoonekana, na leo tunaiadhibu kwa mafanikio hayo hayo.

Sheria nayo imelala upande wa mawe. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja kilichojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa gofu la Kilwa hilo ni jambo jepesi. Kwa kaburi la udongo ambalo kwa desturi yake hurudi ardhini, ni mzaha. Kilichojengwa baadaye kinahitaji mkono wa waziri, na mkono huo huwa mwepesi kwa majengo ya wakoloni. Boma la Wajerumani la Bagamoyo, la 1897, limefanyiwa ukarabati. Wenzetu wamepita kikwazo hiki zamani. Kenya ilianza kuzitangaza kaya za Wamijikenda kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 zikaingia Urithi wa Dunia: misitu, makaburi, na nyayo za vijiji visivyokuwapo tena. Uganda ina Kasubi, makaburi ya makabaka yaliyojengwa kwa nyasi na matete. Yaliungua 2010, na hakuna Muganda aliyesema basi, yalikuwa nyasi tu. Yakajengwa upya.

Wapo watakaonielewa vibaya wakafurahi: tuweke kibao, kiingilio, na kijana wa kupiga picha. Hapana. Tayari utalii wa utamaduni umewafanya Wadatoga kuwa wahunzi wa bangili mbele ya kamera, dakika arobaini na tano kisha gari linaondoka. Mgeni akiingia hekalu la Kihindu huvua viatu. Hata mgeni anajua kwamba pale kuna mwenyewe. Bung'eed haihitaji wageni. Inahitaji mwenyewe aruhusiwe kufika.

Mashamba yale yamegawanyika tangu NAFCO ilipoondoka, mengine kwa wananchi, mengine kwa mwekezaji, na ugomvi wa mipaka haujaisha. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha. Makaburi yanaweza kuandikwa kwenye mpango huo mwaka huu, yakiwa na mpaka na njia ya kuyafikia. Yaliyo ndani ya shamba la mwekezaji, waziri anaweza kuyatangaza. Kinachotakiwa ni simu yenye GPS na wiki mbili za kutembea na wazee wanaojua kila kaburi lilipo. Waliokuwa vijana trekta zilipoingia sasa wamepita miaka sabini.