KUHESABU NDEGE NI KAZI, ILIPWE



Wengine watauliza, watu wa reli wana shauri gani na ndege na miti ya Nairobi? Tunalo. Mji huu ulianza na kambi ya reli mwaka 1899, na mwaka 2019 treni zilianza kupita juu ya Mbuga ya Wanyama kwa daraja la kilomita 6 hivi. Watoto wetu wanakua hapa.

Iko kazi moja twataka chama kiitazame. Ni kazi ya mtu anayechunguza viumbe vya mji, kisha akawafundisha vijana kwa uchunguzi ule ule. Asubuhi ahesabu ndege kwenye mabwawa ya maji taka ya Dandora. Mchana yuko na watoto wa shule, awaonyesha kushika darubini na kuandika daftari.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari walianzisha Wildlife Clubs of Kenya. Mwaka 1971 Mama Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Na mwaka 1999, sehemu za msitu wa Karura zilipogawiwa watu wajenge, wanafunzi wa chuo kikuu walisimama pamoja na Wangari Maathai kuutetea. Msitu upo hata leo, zaidi ya hekta 1,000. Daftari za wataalamu peke yake zisingetosha.

Wako wasemao mchunguzi achunguze na mwalimu afundishe. Sisi twakataa. Katika karakana fundi humfundisha mwanagenzi penye mashine yenyewe. Kijana aliyehesabu ndege mwenyewe mwaka huu, na mwaka ujao akaona wamepungua, hahitaji kuhubiriwa.

Lakini mara nyingi afanyaye kazi hii huambiwa ajitolee, apewe nauli na cheti. Kujitolea ni kuzuri, ila mwenye nyumba hapokei cheti. Basi mtoto wa tajiri ataidumu kazi hii, na mtoto wa mfanya kazi ataiacha, hata akiwa na macho makali kuliko mwenzake.

Twaomba serikali ya kaunti, mashule na makumbusho waipe kazi hii cheo chake, mkataba, mshahara wa mwezi na likizo. Nawe ndugu, mwanao akikuambia anataka kazi ya ndege, usimcheke. Muulize mkataba uko wapi. Kama haupo, tuudai pamoja.